Kwa nini vifaa vya TEHAMA vikifika shuleni huishia kabatini? Naomba maoni ya walimu wa Kusini

#1 MwalimuMtarajiwa (Mikindani)

Salaam, wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa mwisho wa ualimu hapa Mtwara, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Jiografia, na nimerudi chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha nikiwa na jambo linaloninyima raha. Shule niliyopangiwa ilikuwa na projekta, kompyuta kadhaa za mezani, na vishikwambi ambavyo walimu waligawiwa baada ya kutumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Kompyuta na projekta zilifungiwa kabatini na ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja. Vishikwambi vilibaki majumbani kwa walimu. Chuoni tunafundishwa kuandika andalio la somo lenye sehemu ya zana, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unatutaka tumjengee mwanafunzi umahiri badala ya kumkaririsha, lakini katika madarasa niliyoyaona chaki ndiyo iliyobeba kazi yote.

Mara moja projekta ilipatikana. Somo lilikuwa biashara ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Madirisha hayakuwa na mbao na jua la saa nne lilipiga moja kwa moja ukutani, kwa hiyo tuliazima khanga kwa mama anayewauzia wanafunzi maandazi, tukazitundika. Picha za Kilwa Kisiwani zikaonekana: matao ya Msikiti Mkuu, kisha kuta za Husuni Kubwa zinazotazama bahari. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliomba nisibadilishe picha mpaka amalize kuhesabu nguzo, halafu akauliza mawe yale yalishikanaje ikiwa zama hizo saruji haikuwapo. Kabla sijajibu, msichana wa Mikindani alisema kwamba nyumba ya bibi yake imejengwa kwa matumbawe na chokaa, akaeleza jinsi matumbawe yanavyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yawe chokaa. Kipindi kilichobaki kikawa chao.

Dai langu ni kwamba teknolojia ina haki ya kuingia darasani pale inapoleta kile ambacho chaki, manila na maneno ya mwalimu haviwezi kukileta, na pasipo hapo ibaki nje. Swali langu kwenu mliotangulia ni kwa nini vifaa ambavyo tayari vipo, vilivyokwisha kulipiwa, havitoki kabatini.

#2 MkuuWaShule_Ruangwa

Mwalimu, karibu katika kazi. Nitakujibu kutoka upande wa anayeshika ufunguo, kwa sababu mara nyingi hukumu hutolewa bila yeye kusikilizwa. Kila kifaa cha umma kina namba na kimeandikwa kwenye leja ya mali ya shule. Kikivunjika au kikiibwa, anayeitwa kutoa maelezo ni mkuu wa shule, na hataulizwa wanafunzi walijifunza nini kabla kifaa hakijapotea. Ataulizwa kilikuwa wapi na kwa ruhusa ya nani. Shule yenye madirisha yasiyo na nondo na mlinzi mmoja wa usiku hulinda vifaa kwa namna pekee inayoiweza. Mimi mwenyewe naumia kuviona vikiwa kabatini, lakini sijawahi kusikia mkuu wa shule akipewa barua ya pongezi kwa sababu projekta yake imechakaa kwa kutumika.

#3 Fizikia_Newala

Ninaheshimu maelezo ya #2, ila nadhani leja si kiini cha tatizo, kwa sababu shule nyingine zina mlinzi, zina nondo, na vifaa vimelala vilevile. Kiini ni mtihani. Mwalimu hupimwa kwa matokeo, na mtihani huandikwa kwa kalamu.

Natoa mfano wa somo langu. Zipo programu za PhET zilizoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Ni za bure, nyingi unaweza kuzipakua mara moja ukazitumia bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Nilitumia ile ya saketi za umeme. Mwanafunzi anaburuta betri, waya na taa kwenye kioo, na chembe za umeme zinaonekana zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo hakuna maabara duniani inayoweza kumwonyesha kwa macho. Walielewa upesi kwamba mkondo hauishi kwenye taa ya kwanza, jambo ambalo kwa ubao lilinichukua vipindi na bado nusu ya darasa halikulielewa.

Kisha tukaingia maabara. Waliochora saketi vizuri kwenye kishikwambi walishika waya halisi bila kujua kwamba ncha zake lazima zikwanguliwe ganda ndipo umeme upite, na kwamba ameta ikiungwa kinyume mshale hurudi nyuma. Mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne unafanywa kwa waya hizo. Tangu hapo naanza na betri za tochi na balbu ndogo, kishikwambi kinafuata baadaye kueleza kile walichokwisha kukiona. Kwa hiyo, Mwalimu Mtarajiwa, nakubali dai lako nusu: swali la kifaa gani kitangulie ni kubwa kuliko swali la kifaa kipi kina haki ya kuingia.

#4 FundiLigula

Mimi si mwalimu, ni fundi wa simu na kompyuta hapa Mtwara mjini, na naona mwisho wa hivyo mnavyovijadili. Vifaa vingi ninavyoletewa kutoka shuleni havikuharibiwa na wanafunzi. Viliharibiwa na kabati. Betri ya lithiamu ikiachwa imeisha chaji kwa miezi mingi hushuka chini ya kiwango chake na mara nyingi haipokei tena chaji. Ongeza hewa yetu ya bahari: chumvi na unyevu huingia kwenye tundu la chaji na kuacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Anayelazimika kuvihifadhi avichaji hadi karibu nusu, avizime, avitoe kila mwezi avichaji tena, na aviweke mahali pakavu pasipo na joto la bati. Mkuu wa shule wa #2 anasema anavilinda, nami namwomba ajue kwamba kwa namna hiyo anavipoteza polepole huku leja ikionyesha kwamba vipo.

#5 MstaafuNdanda

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Nilianza kufundisha wakati kifaa cha kisasa shuleni kilikuwa redio ya mbao inayokula betri kubwa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule, saa ikifika darasa zima linanyamaza, na mwalimu anasikiliza huku kitabu cha mwongozo kiko mkononi, kwa sababu kipindi kikipita hakirudi. Kulikuwa pia na kampeni ya Mtu ni Afya, nadhani mwaka 1975, ambapo watu wazima walikutana kwa vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba.

Ninachokumbuka ni kwamba redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, aliyesoma kijitabu kabla ya wengine, na aliyejua kuuliza baada ya kipindi: "Hapa kwetu hili linatuhusu vipi?" Vishikwambi mmepewa, nauliza ni nani aliyefunzwa kuuliza swali hilo.

#6 Msomaji_Masasi

Shikamoo, Mwalimu wetu #5. Naongeza sahihisho dogo: Mtu ni Afya ilikuwa mwaka 1973, na inakadiriwa iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Inafaa tukumbuke pia kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na kwamba Tanzania Bara ilianza kuwa na kituo cha televisheni miaka ya 1990. Walimu wengi walio kazini leo walisomeshwa na watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta darasani. Mtu hufundisha kama alivyofundishwa, na hilo kwangu ni jibu zito kuliko leja na mtihani kwa pamoja.

#7 MstaafuNdanda

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwa mwaka sahihi.

#8 Nachingwea_Mjini

Kwa heshima zote, mnazungumza kana kwamba mwalimu ni lazima awe katikati. Mkoani Tanga ulifanyika mradi wa shindano la XPRIZE, vishikwambi vikapelekwa katika vijiji 170 kwa watoto karibu 3,000 ambao wengi hawakuwa wakienda shule. Vilikuwa na programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pasipo mwalimu. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10 kwa sababu watoto walijifunza kweli. Kama mtoto wa kijijini aliweza kujifunza kusoma akiwa na kishikwambi na wenzake chini ya mwembe, basi kinachovifungia vifaa kabatini ni hofu ya mwalimu kwamba nafasi yake itapungua.

#9 BintiKilwa

Ndugu yangu #8, mradi huo ulifanyika kama ulivyosema, lakini umeacha nusu ya habari. Vijijini kule waliwekwa akina mama waliosimamia vishikwambi na kuhakikisha vinachajiwa kwa umeme wa jua. Hawakufundisha, ila bila wao programu nzuri kuliko zote ingezimika ndani ya wiki moja. Hao ndio viongozi wa vikundi wa Mzee #5 kwa sura nyingine. Aidha, watoto wale walilinganishwa na hali ya kutokuwa na shule kabisa; matokeo yale hayasemi kwamba kishikwambi kinamshinda mwalimu aliyejiandaa.

Tazama pia Peru, ambako serikali iligawa kompyuta mpakato nyingi kwa watoto wa shule za vijijini. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona tofauti yoyote ya maana katika Hisabati na lugha kati ya shule zilizopewa na ambazo hazikupewa. Vifaa vilitumika, havikufungiwa, na bado ufaulu haukusogea. Kwa hiyo kabati si adui pekee.

Naongeza jambo la kwetu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam hapa wilayani Kilwa, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikakatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Mwalimu aliyekuwa amepakua vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania aliendelea na kazi. Aliyetegemea kufungua kiungo darasani alibaki akiangalia duara linalozunguka. Ninyi mnaoingia kazini pakueni kila kitu mapema, mkiweke kwenye flashi na kwenye kadi ya kumbukumbu.

#10 MzaziTandahimba

Walimu wangu, naomba na mzazi asikike. Mwanangu yuko Kidato cha Tatu. Mwalimu wake, ambaye namheshimu kwa bidii yake, aliunda kundi la WhatsApp na kutuma humo kazi za wikendi. Shule hairuhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo kazi zinafika kwenye simu yangu, nami niko shambani. Kipindi cha kupulizia salfa kwenye mikorosho narudi usiku, simu imezima. Kipindi cha kuokota korosho ndiyo kabisa. Bando nalinunua mimi, na kuna siku chaguo ni bando au mboga. Jumatatu mwanangu anasimamishwa pamoja na wasiofanya kazi. Mtoto wa jirani ambaye nyumbani kwao hakuna simu janja hata moja aliacha kuhudhuria Jumatatu. Mwalimu Mtarajiwa, dai lako ni zuri, lakini unapouliza teknolojia inaleta nini darasani, uliza pia inamwacha nani nje ya darasa.

#11 NuktaNundu

Nafundisha wanafunzi wasioona katika shule jumuishi mkoani Lindi, na mjadala huu umeendelea mpaka #10 bila wao kutajwa. Kwao kompyuta si zana ya kunogesha kipindi. Kuna programu ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili inapatikana. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisubiri mwenzake amsomee maandishi ya ubaoni, na mwenzake akichoka kusoma, somo la siku hiyo limekwisha. Alipowekewa kompyuta yenye NVDA na faili la kitabu, alisikiliza sura nzima mara tatu, akarudi kwangu na orodha ya maneno ambayo programu iliyatamka vibaya, akitaka nihakikishe ameyaelewa sawasawa. Kwa mwanafunzi huyo, kufungia kompyuta kabatini ni kumfungia kitabu, daftari na kalamu. Kigezo cha Mwalimu Mtarajiwa, kwamba kifaa kiingie tu pale chaki inaposhindwa, kinamfaa vizuri, kwa sababu chaki ilimshinda tangu siku ya kwanza.

#12 Lindi_Mtanda

Watu wa Mtwara mmeuteka uzi, kwa hiyo Lindi nasi tuweke chetu. Mwalimu Mtarajiwa ametaja Kilwa. Nami namwongezea kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba pale mifupa ya dainosaria, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa. Mmoja wao, anayeitwa Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mtoto wa Lindi hawezi kumwona bila nauli ya Ulaya. Hapo ndipo kishikwambi kinapofanya kazi ambayo hakuna kingine kinachoweza kuifanya. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha zake, kisha tukatoka nje na kamba tukapima mita 13 kutoka shina la mnazi, na mjadala wa kama mifupa irudishwe au la ulidumu mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

#13 Msomaji_Masasi

#12, mfano huo nimeuchukua, nitautumia. Jambo moja ambalo halijaguswa ni lugha. Mtoto anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia sekondari ambako anafundishwa kwa Kiingereza, halafu tunamwekea video ambayo msemaji wake ni Mmarekani anayezungumza kwa kasi. Niliwahi kuonyesha video ya mzunguko wa damu, darasa likatulia kabisa, nikaridhika. Nilipouliza maswali, walieleza rangi walizoziona. Siku iliyofuata nilizima sauti nikaeleza mwenyewe, nikisimamisha kila hatua, na majibu yakaja. Kwa hiyo kwa Fizikia_Newala nasema kwamba utaratibu wa kutanguliza kifaa gani hautoshi kama sauti ya kifaa haifahamiki.

#14 MwalimuMtarajiwa (Mikindani)

Nawashukuru wote. Maelezo ya #10 yamenigusa zaidi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kuunda makundi ya WhatsApp kama mbinu ya kisasa na hakuna aliyetaja bando linatoka mfukoni mwa nani. Sitampa mwanafunzi kazi inayopitia simu ya mzazi.

Bado sijashawishika kuhusu chanzo. Mkuu wa shule anasema ni leja, Fizikia_Newala anasema ni mtihani, Msomaji anasema ni jinsi tulivyofundishwa, #8 anasema ni hofu. Katika shule niliyokuwapo mwalimu mmoja aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote ndiye aliyetumia kishikwambi chake kila siku, akipitisha picha za ramani dawati kwa dawati katika darasa la wanafunzi zaidi ya 80, na alikuwa chini ya leja ileile na mtihani uleule. Sababu yoyote itakayotajwa hapa inapaswa kumweleza na yeye. Mkuu wa #2, naomba nikuulize moja kwa moja: nikiripoti shuleni kwako mwakani na kuomba projekta kwa kipindi cha Jumanne, utanijibu nini?

#15 MkuuWaShule_Ruangwa

Swali la haki. Nitakuuliza somo, darasa na muda wa kurudisha, utasaini daftari la kuazima, na utaondoka nayo. Ninachoomba ni uisaini wewe, kwa jina lako, mbele ya mwalimu wa TEHAMA, ili ikidondoka tuwe wawili wa kuandika maelezo. Kuhusu ushauri wa FundiLigula, nimeagiza vifaa vyote vitolewe Ijumaa hii vichajiwe. Naomba fundi atuambie kama kompyuta mpakato zinafuata kanuni ileile ya nusu chaji.

#16 FundiLigula

Zinafuata ileile, Mkuu. Kompyuta za mezani hazina betri hiyo, lakini zifunikwe kwa kitambaa na ziwashwe angalau mara moja kwa mwezi, unyevu ukauke. Zile ambazo betri imekwisha kuvimba msizichaji kabisa, leteni.

#17 Fizikia_Newala

Daftari la kuazima ni hatua nzuri, nami naipongeza, lakini litatumiwa na mwalimu kama huyu kijana ambaye tayari ana hamu. Swali lilikuwa kuhusu wale wasioomba. Huyo mwalimu mkongwe wa #14 mimi namweleza hivi: anafundisha Jiografia, na mtihani wa Jiografia una ramani. Picha anazozipitisha ndizo zitakazoulizwa. Mpe somo ambalo mtihani wake ni maneno matupu, kisha tutazame kama kishikwambi kitatoka nyumbani.

#18 MstaafuNdanda

Hapo sikubaliani nawe, mwanangu wa Newala. Nilifundisha Siasa, somo la maneno matupu, na redio niliibeba darasani kila kipindi kilipokuwapo. Andika jingine.